Wiki ya 34, tuko Pabbo

Mteja wa kwanza leo asubuhi alikuwa kijana wa bodaboda, kaja kutoa 20,000, nikamwambia weka pini, badala ya kuweka pini akawa anaangalia tumbo langu lilivyokaa juu ya kaunta kama mzigo wa mtu mwingine, akasema nnyabo (mama), hao ni wawili. Nikamwambia skani imeona mmoja. Akasema mwingine kajificha nyuma. Huyo ni mtu wa tatu ndani ya wiki moja, na wote watatu wamesema kwa uhakika kabisa kama wamekuwa ndani wakatoka.

Basi kwa wale ambao niliwapotea tangu Ramadhani, habari ndiyo hiyo. Mimi na mume wangu tunangoja mtoto wa kwanza. Tarehe tuliyopewa ni 5 Januari 2026, leo Jumatatu tumeingia wiki ya 34, miguu imevimba viatu vyote vimenikataa nimebaki na kandambili za bafuni, usiku nalala ubavu mmoja kama samaki wa sokoni, na bado niseme ukweli, sijawahi kuwa na mwaka nimecheka hivi.

Mimi mnanijua, nina kioski changu cha mobail mani hapa Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, kando ya Jinja Road, chini ya uwanja wa Namboole. Yeye ni dereva wa trela, Mombasa kwenda Juba, mwaka wa 9 huu. Mimi Mnubi wa Bombo, yeye Msamia wa Busia, Kinubi hajui, Kisamia sijui, tulikutana kwa Kiswahili siku alipokuja kutoa hela akasahau kitambulisho kwangu (anasema alisahau, mimi sijawahi kuamini) na tumebaki humo humo kwenye Kiswahili. Tangu mimba hii ananiita Mama K na mimi namwita Baba K, K ni Kijacho, alifupisha yeye kwa sababu ni mvivu wa kuandika meseji.

Siku nilipopima ilikuwa kabla kidogo ya Idi ya kuchinja, yeye yuko Mtito Andei, Kenya, na kontena la mzigo wa watu. Nikapiga simu nikamwambia. Kimya. Nasikia injini tu, halafu nikasikia indiketa tik tik tik, halafu breki za upepo zikashusha ile pumzi yao ndefu, ndipo akasema, "Subiri, nimepaki. Rudia." Nikarudia. Akacheka, akanyamaza, akacheka tena, halafu mwanaume wa miaka 36 akaniuliza, "Na hiyo huwa inachukua muda gani?"

Nikamwambia wiki 40. Tumeshatembea ngapi? Tisa, sista ndiyo alivyohesabu. Akasema haya, akakata. Jioni akapiga tena, kumbe alikuwa amekaa hotelini na kalamu, nyuma ya karatasi ya mzigo amepiga hesabu: Mombasa mpaka Juba kwa kilomita za dashibodi yake ni kama 1,750, gawa kwa 40 unapata kama 44 kwa wiki, zidisha kwa 9. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwa bosi, "Mama K, mtoto ameshapita Sultan Hamud."

Tangu siku hiyo kwetu hakuna mwezi wa tatu wala mwezi wa nne, ni miji ya barabara ile tu, ndiyo maana wiki hii tuko Pabbo, mbele ya Gulu. Watu wakiniuliza una miezi mingapi nahesabu kwanza kichwani, manake ninachojua mimi ni kwamba kichefuchefu kilinishika Machakos kikaniachia Salgaa. Wenye kujua barabara ile wanaijua Salgaa, ule mteremko baada ya Nakuru ambao dereva akirudi anaushuka anamwomba Mungu, basi na mimi niliupita hivyo hivyo, wiki nzima natapika hata maji, nikifungua kioski naweka ndoo chini ya kaunta, mteja akinyoosha simu mimi ninainama, na siku moja nikaamka nikaona naweza kunusa kitunguu kikikaangwa bila kukimbia. Nikampigia. Akasema ndiyo, barabara ikifika pale inakuwa nzuri.

Wiki ya 25 ilikuwa tamu kuliko zote kwa sababu kwa hesabu yake mtoto alikuwa anapita hapa hapa Bweyogerere, Kampala iko mbele kidogo tu. Bahati nzuri alikuwa nyumbani wiki hiyo. Akatoa kiti nje ya kioski, akakaa anaangalia matrela yanavyopita kuelekea mjini, akasema ngoja nimpungie. Akapunga mkono. Kwa barabara. Vijana wa stendi ya boda nao wakapunga, hata hawajui wanampungia nani, mmoja akapiga honi. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Na kila Jumatatu hela inaingia. Alianza wiki ya 9 na 9,000, wiki ya 10 akatuma 10,000, hivyo hivyo kupanda, na pale kwenye sababu ya kutuma anaandika mji. Naivasha. Nakuru. Eldoret. Iganga. Sasa mimi ndiye wakala, makato nayajua kuliko yeye, nikamwambia Baba K kwa nini unatuma vidogo vidogo kila wiki, kutuma kuna makato, kutoa kuna makato, juu yake kuna kodi ya serikali ile ya 0.5% ambayo ipo tangu 2018, si ukusanye utume mara moja kwa mwezi? Akaniangalia kama mimi ndiye sielewi. "Mimi situmi hela. Natuma mahali tulipofika." Basi nikanyamaza. Mpaka Jumatatu iliyopita ilikuwa imefika 525,000, sijagusa hata mia, na zile meseji sijafuta hata moja, simu inalalamika imejaa nafuta picha za harusi za watu.

Lazima niandike kuhusu tarehe 18 Agosti, hata kama mpira hupendi vumilia kidogo. Ilikuwa wiki ya 20, kwa ramani yetu tuko kwenye foleni ya mpaka wa Malaba, na trela lake lilikuwa gereji kwa hiyo yuko nyumbani. Usiku huo Uganda inacheza na Afrika Kusini kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, ile tuliyoandaa sisi na Kenya na Tanzania, na mechi iko Namboole, yaani juu ya vichwa vyetu. Tiketi hakupata. Tukakaa sebuleni na tivi, mlango wazi, na kwa wanaokaa karibu na uwanja mnajua hii kitu, kelele inatangulia picha. Tivi inazunguka satelaiti kwanza, kwa hiyo unasikia uwanja unalipuka unaangalia skrini mchezaji bado ana mpira katikati, unaanza kushangilia goli ambalo halijafungwa. Tulianza sisi kufunga, halafu wale wakarudisha, wakaongeza, wakaongeza, 3-1, uwanja ukanyamaza, ule ukimya nao unatangulia. Baba K akawa amekaa na mikono kichwani. Dakika za mwisho mwisho penalti, 3-2. Halafu dakika za nyongeza penalti nyingine. Kwenye tivi mpira bado haujawekwa hata chini, uwanja ukapasuka, mabati yakatetemeka, na mimi nikasikia kitu tumboni kimegeuka kama samaki ndani ya beseni.

Nilifikiri ni gesi, nilikuwa nimekula maharage. Nikakaa kimya. Kikageuka tena. Nikamwita, akaja na mkono wake ule mkubwa akauweka, hamna kitu, tumengoja, tivi inatuonyesha penalti ambayo sisi tumeshaisikia, watu wanaimba nje, yeye haangalii, macho yako kwa tumbo, na hapo ndipo alipopigwa. Kidogo tu. Akatoa mkono kama ameungua. "Amegongewa muhuri," akasema. "Ameingia Uganda."

Senegal walitutoa robo fainali siku tano baadaye, goli moja. Tumekubaliana mtoto asiambiwe.

Wanawake wengi mimba inamkataa mume, unasikia mtu hataki hata harufu ya kwapa la mumewe, analala na shangazi. Mimi yangu ilienda upande wa pili kabisa. Mimi nilipenda dizeli. Yaani Baba K akiingia kutoka safari, kabla ya kuoga, ile ovaroli yenye grisi na dizeli na vumbi la Nimule, naikumbatia kama mkate wa moto. Akisafiri naificha moja isifuliwe, naiweka chini ya mto. Wifi yangu alikuja kunisaidia kufua akaikuta, akaitoa kwa vidole viwili anauliza hii takataka ya nini, nikamnyang'anya. Sista wa kliniki nilipomwambia alicheka, halafu akawa siriasi akasema kunusa ovaroli ya mume sawa lakini usikae karibu na dizeli yenyewe unavuta hewa yake, na ule udongo ulioanza kula (nilikuwa nimeanza, sikusema, sijui aliona nini kwangu) uache leo, una minyoo na unakunyima damu, chukua hizi za kuongeza damu. Nikaacha udongo. Ovaroli ipo.

Halafu sasa hivi ni Novemba na Novemba ni senene. Baba K hali senene, anasema mdudu mwenye magoti hawezi kuwa chakula, lakini juzi usiku saa tatu alizunguka kutoka hapa mpaka Kireka kutafuta mama mmoja anayewakaanga na kitunguu bila kuwabonda, bei ilikuwa ya kutisha, akarudi na kakikombe kadogo kamefungwa kwa kaveera (plastiki), akakaa upande ule mwingine wa chumba akageuza uso wakati nakula. Landiledi wetu, jajja (bibi) mmoja wa Kiganda, akapita mlangoni akanikuta. Akasema zamani kwao mwanamke hakuruhusiwa senene, kuku hakuruhusiwa, yai hakuruhusiwa, anawatafuta porini na kuwakaanga halafu wanaokula ni wanaume. Nikamsogezea kikombe. Akachota mkono mzima. Tulikula wawili tukimwangalia mwanaume aliyegeukia ukuta.

Huyo jajja ndiye pia ameniletea emumbwa, ule udongo wa dawa wamechanganya na majani wakaukausha kama vijiti, unasugua kwenye maji. Ya kunywa nilimwambia sista akaniambia hapana, usinywe, hatujui ndani kuna nini. Kwa hiyo naoga nayo tu, na nikitoka bafuni nanuka kama mvua ya kwanza, na jajja anafurahi, na sista anafurahi. Mama yangu Bombo yeye ana mafusho yake na udi wake ananingojea nao kwa ile arubaini. Mwili mmoja, mabosi watatu.

Kliniki. Hii nilitaka kuwaambia kina dada hasa. Siku ya kwanza Baba K alikuja na mimi, alikuwa na siku mbili za kupumzika, akavaa shati la Idi. Pale kwetu mwanamke aliyekuja na mumewe anahudumiwa kwanza, ndiyo njia yao ya kuwavuta wanaume wapimwe pamoja, basi tumefika saa mbili tumekuta foleni mpaka kwenye mwembe, sista akauliza nani yuko na baba, Baba K akanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, tukapita. Macho ya wale wanawake wengine jamani. Tulipimwa damu wote wawili, mimi nikachomwa ya pepopunda, nikapewa chandarua bure. Tukitoka getini boda mmoja akamwambia rafiki yake kwa sauti kwamba yeye huwa anakuwa mume wa masaa mawili kwa 5,000, mwanamke asiye na mume pale siku hiyo amchukue tu. Tulidhani anatania. Hatanii. Safari zilizofuata Baba K yuko njiani nimekaa foleni kama wenzangu, na fansida, ile ya kuzuia malaria, unameza hapo hapo mbele ya sista, vidonge vitatu, kikombe kinazunguka, na mimi nimeanza kwenda na kikombe changu kwa mkoba.

Skani ya pili alikuwepo. Daktari akaweka sauti, mapigo ya moyo, haraka haraka, kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka kijiji cha pili. Akasema 144 kwa dakika. Baba K akakunja uso. "144 tu? Injini yangu ikiwa imesimama tu inazunguka 600." Daktari akaacha kazi akamgeukia, akamweleza taratibu, kawaida ni kati ya 110 na 160, yuko sawa kabisa, wewe mwenyewe hapo ulipo labda ni 80. Kimya kidogo. "Kumbe ananishinda," akasema, na mpaka tunafika nyumbani alikuwa ameshika mkono wake anajipima.

Kama ni kike au kiume tulisema tusiambiwe. Mimi nilikuwa na sababu zangu za moyoni, yeye sababu yake ni mbuzi. Akika mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, wa kike mmoja, anasema akijua mapema ataanza kuomba dua kwa kuangalia bei. Jina la Kiislamu atatoa baba yangu. Jina la kwao ni rahisi, akizaliwa usiku ni Bwire, akiwa msichana Nabwire, akizaliwa mchana mama mkwe amesema ana orodha. Ya marehemu. Ndefu.

Sasa nguo. Mama alinionya mapema, "Mwanangu, nguo za mtoto usianike nje kabla hajaja, macho ya watu si mazuri." Mimi sina imani hizo sana, lakini mama ni mama. Tulienda soko la Owino na wifi asubuhi mapema, saa bero za mitumba zinafunguliwa, ukichelewa unakuta zimebaki za watoto wa miaka mitano, tukainama kwenye yale marundo mimi na tumbo langu mpaka muuzaji mmoja akanionea huruma akaniletea kiti, nikawa nakaa kama malkia wifi ananirushia nguo nasema hii ndiyo, hii hapana. Elfu moja moja, nyingine mia tano. Kuna kafulana kamoja kana trela mbele. Trela jamani, na magurudumu yake yote. Sikuuliza hata bei.

Tulizifua usiku. Nyumba yetu ni muzigo, hizi za kupanga za vyumba viwili mnazozijua, sebule na chumba basi, kwa hiyo Baba K alifunga kamba kutoka kwenye dirisha mpaka msumari wa kalenda, inapita mbele ya tivi, na yeye ndiye akaanika kwa sababu mimi siinui mikono vizuri. Nikamwangalia. Mtu anayefunga turubai la trela kwa kamba za chuma, soksi moja ya mtoto inamsumbua dakika nzima, inaingia kwenye kidole gumba chake tu inabaki hapo. Akazipanga mbili mbili. Akakosa moja. Tukaitafuta kwa tochi chini ya kochi, kwa ndoo, bafuni, tumepata asubuhi imeganda mgongoni kwake ndani ya fulana, alilala nayo. Wiki nzima tuliangalia habari kwa kuchungulia katikati ya suruali ndogo ndogo.

Na kuna kuongea na tumbo. Kila usiku akiwa njiani anapiga, anasema weka simu hapo, naiweka, anaanza kumpa ripoti, leo nyani wa Karuma wameiba ndizi za turniboi (utingo), leo mpakani Elegu foleni ni mbaya, leo nimemnunulia mama yako odii, ile ya ufuta na karanga za kusaga. Mtoto anayekuwa ananipiga mateke siku nzima, simu ikiwekwa tu anatulia kimya. Kabisa. Baba yake anauliza "amesikia?" namwambia ndiyo amepiga. Namdanganya, Mungu anisamehe. Simu ikikatwa tu ndiyo vita vinaanza.

Anaongea naye Kiswahili, na hiki ni kitu ambacho tumekiongelea sana. Hapa Kampala mnajua wenyewe, ukiongea Kiswahili watu wazima wanafikiri wewe ni mwanajeshi au mwizi, zimebaki kumbukumbu za miaka ile mibaya. Siku moja tuko kwenye taksi anainamia tumbo anasema "wewe kijana tulia humo," sauti yake ndiyo ile ya kupigiana kelele na injini, konda aliyekuwa ananizungusha na chenji yangu akairudisha yote bila kuulizwa tena akasema pole afande. Tuliposhuka tulicheka mpaka magoti yakaishiwa nguvu. Lakini nikafikiri pia. Jajja anamwongelesha Kiganda, mama yangu anamwimbia Kinubi kwa spika ya simu, mama mkwe Kisamia, na shuleni kutakuwa na Kiingereza, tangu Julai 2022 serikali ilisema Kiswahili nacho ni lugha rasmi na kifundishwe, kitafika kwa spidi yake. Sisi hatungojei shule. Mtoto wetu Kiswahili hatajifunza kwa mwalimu, atakikuta nyumbani kinamngoja kama chandarua.

Mpango ni huu. Katikati ya Desemba nahamia Bombo kwa mama, mimba ya kwanza kwetu unarudi kwa mama hiyo haina mjadala, na tena 15 Januari ni uchaguzi, malori ya kampeni yanapita hapa na maspika tangu asubuhi, mama anasema mtoto wa siku kumi hawezi kukaa kando ya barabara kwenye kelele hizo. Baba K ameomba likizo kuanzia tarehe 20 Desemba, bosi amekubali kwa mdomo. Begi liko tayari mlangoni: mama kit (vifaa vya kujifungulia), kaveera ya mita mbili, glavu, pamba, nyembe, Jik, leso nne, flaski, majani ya chai, sukari. Siagi ya mti wa shea (wenyewe wanauita yao) ya kumpaka mtoto ameileta kutoka Kamdini imo kwenye chupa ya soda, nimeifunga mara tatu. Ovaroli pia imo, chini kabisa, wifi hajui.

Kimebaki beseni tu, na beseni limetugombanisha wiki mbili. Mimi nimeona moja la kijani, kubwa, zito, pale kwa Msomali mwenye duka la plastiki. Yeye anataka la bluu dogo, ati mtoto mdogo wa nini beseni la kuoshea gari. Nikamwambia beseni unanunua la mtoto atakavyokuwa, si alivyo. Akasema basi tununue na gari kabisa. Tulinuniana kwenye simu kutoka Luweero mpaka Migyera, hakuna aliyekata.

Nilikuwa nataka kuandika na habari ya wazee wa stendi walionikataza kusimama mlangoni ati mtoto naye atasimama mlangoni siku ya kutoka, na kioski changu chote ni mlango, nikae wapi sasa, lakini meseji imeingia hapa naandika. 34,000. Zimefika 559,000.

Sababu: "Pabbo. beseni chukua la kijani."

Nimeisoma mara mbili. Kuna mteja anagonga kaunta kwa sarafu, ngoja kwanza.